Kukodi gari kwa mwezi au kununua la mkononi? Nipo Dodoma, mkataba wa miaka 2, nipeni hesabu

#1 Mgeni wa Nkuhungu
Wakuu, mbukwenyi. Nina kazi ya mkataba wa miaka 2 Mji wa Serikali Mtumba, makazi Nkuhungu. Kwenda na kurudi ni kama kilomita 44 kwa siku. Nina milioni 14 taslimu na njia tatu mbele yangu.

Kukodi Toyota IST kwa 900,000 kwa mwezi. Mwenye gari anabeba bima na sevisi, mafuta juu yangu. Kununua IST namba D (herufi za usajili zinaanzia na D) ya mtu wa Ilazo kwa milioni 13.5. Au kumlipa mtu wa tatu 850,000 kwa mwezi kwa miezi 24, mwisho gari linakuwa langu. Ipi ina akili?

#2 Kisasa Kwetu
Nunua, mkuu. Miezi 24 ya kukodi ni milioni 21.6, hiyo ni IST na nusu na hubaki hata na tairi. Ila kwenye kununua usisahau kuweka leseni ya barabara ya kila mwaka na mafuta kama 240,000 kwa mwezi.

#3 Mhasibu wa Makole
Kisasa, mawili nikurekebishe. Ada ya mwaka ya leseni ya gari ilifutwa mwaka wa fedha 2017/18, serikali ikaihamishia kwenye mafuta kwa shilingi 40 kwa lita. Unailipa kila unapojaza tenki. Na mafuta utanunua ukikodi, utanunua ukimiliki, kwa hiyo yatoe pande zote mbili, yanachafua hesabu bure.

Mgeni, hesabu ya kununua inakwenda hivi. Unanunua 13.5m, baada ya miaka miwili unauza, tuseme 10m. Umepoteza 3.5m. Kuhamisha umiliki: ushuru wa stempu asilimia 1 ya bei ni 135,000, ada ya uhamisho 50,000, kadi mpya ya gari 10,000, jumla 195,000. Bima kubwa kwa asilimia 3.5 ya thamani ni 472,500, ongeza VAT ya asilimia 18, inakuwa 557,550. Mwaka wa pili thamani ikiandikwa 12m, unalipa 495,600. Kilomita 15,000 kwa mwaka, oili kila 5,000, ni sevisi sita kwa miaka miwili. Weka 150,000 kila moja, 900,000. Tairi nne mara moja, 720,000. Halafu tenga 2m ya matengenezo yasiyotarajiwa.

Jumla 8,368,150. Gawa kwa 24: kama 349,000 kwa mwezi. Kukodi ni 900,000.

#4 Zabibu Mbichi
Hesabu nzuri, ila imejengwa juu ya neno "tuseme". Nani kakuhakikishia 10m? Mkataba wa kazi ukiisha utauza kwa haraka, dalali atakuona unavyohangaika. Na hiyo 13.5m haikuwa na kazi nyingine? Kwenye kukodi, gari likifa saa mbili asubuhi unapiga simu, linaletwa jingine. Hiyo nayo ina bei yake, mhasibu hajaiandika popote.

#5 Mhasibu wa Makole
Hoja yako naikubali, tuiweke. Uza kwa 8m badala ya 10m: gharama inapanda hadi kama 432,000 kwa mwezi. Ipe ile 13.5m faida ya asilimia 10 kwa mwaka uliyoikosa kwa kuifungia kwenye gari: ongeza 112,500. Tumefika 545,000. Bado chini ya 900,000, na hapo nimekupa kila kitu ulichoomba.

Kukodi kunashinda kwenye muda mfupi. Ukinunua na kuuza ndani ya miezi minne mitano unakuwa umetupa uhamisho, bima ya mwaka mzima, matengenezo ya mwanzo na hasara ya kuuza haraka, yote kama 4m. Kwa 900,000 hiyo ni miezi minne na nusu ya kukodi. Mtu wa mradi wa miezi mitatu akodi. Wa miaka miwili, sioni.

#6 Fundi wa Majengo
Mnagombania karatasi, gari lenyewe hamjalifungua boneti. Hizo 2m za matengenezo zitatosha au hazitatosha kutegemea vitu viwili kwenye IST ya Dodoma: rejeta na gia boksi.

Rejeta. Maji yetu hapa yana chumvi, na watu wanajazia rejeta kwa maji ya bomba. Injini ikiwa baridi kabisa, fungua kifuniko cha rejeta, pitisha kidole kwenye shingo kwa ndani. Ukikuta ukoko mweupe unaomeguka kama magadi, mirija ya ndani imeshaanza kuziba. Gari hilo halitakuonyesha kitu ukizunguka nalo Sabasaba na Area C. Litachemsha siku unakwenda Morogoro saa nane mchana, kiyoyozi kimewashwa, kilomita mia mfululizo. Likichemsha vibaya mara moja, silinda hedi ya aluminiamu inapinda na gasketi inaungua. Kwa hiyo angalia na hivi: kifuniko cha oili kwa ndani, kama kuna kitu cha rangi ya chai ya maziwa, ondoka. Maji ya rejeta yakiwa na utelezi wa oili, ondoka. Washa injini kifuniko kikiwa wazi: mapovu machache ya mwanzo ni hewa, yasiyokoma ni moto wa silinda unaingia kwenye maji. Mwisho rudisha kifuniko, washa kiyoyozi, feni lazima izunguke.

Gia boksi ya IST ni otomatiki ya gia nne, ina kijiti chake cha oili. Gari likishapata moto na injini ikinguruma, pitisha gia zote, rudi P, chomoa kijiti, futa, chovya tena, kisha dondoshea oili kwenye karatasi nyeupe. Wekundu ni afya. Kahawia yenye harufu ya kitu kilichoungua maana yake sahani za klachi zinalika. Kisha kanyaga breki, toa N weka D, hesabu moja, mbili. Ikipita mbili ndipo ikamate kwa kishindo, hiyo 2m ya mhasibu inaweza kuondoka kwa pigo moja.

#7 Kisasa Kwetu
Fundi shikamoo. Hiyo gia boksi si ndiyo sababu ya kuchukua IST tu, zote ni 1500, injini moja, spea kila duka?

#8 Fundi wa Majengo
Marahaba. Si zote. NCP60 ina 2NZ ya 1300, NCP61 ina 1NZ ya 1500. Matoleo ya kwanza yalitengenezwa kati ya 2002 na 2007. Zote mbili ni za cheni, hazina mkanda wa taimingi wa kubadilisha. Usisome nembo ya nyuma, soma namba ya chasisi iliyogongwa kwenye ukuta nyuma ya injini, ilingane na kadi herufi kwa herufi. Namba ya injini vilevile. Nyingi zimeshabadilishiwa injini na kadi haijui.

1NZ inakunywa oili lita 3.7 pamoja na filta. Kopo la lita 4 linabaki kidogo, na hicho kilichobaki si cha kumalizia humo humo. Watu wanamimina lote, oili inapita alama.

#9 Dada Bima
Habari za humu. Mhasibu, kwenye bima kuna shimo. IST ya 2004 ina zaidi ya miaka 20. Baadhi ya kampuni hazitoi bima kubwa kwa gari la umri huo, nyingine zinataka ukaguzi na picha kwanza. Uliza kabla ya kulipia gari. Ukikosa, unabaki na bima ndogo ya 118,000 VAT ikiwemo, ambayo inamlipa uliyemgonga. Gari lako likiibwa au likiungua, hiyo haikuhusu.

Na Mgeni, la muhimu zaidi: hilo la kukodi 900,000 lina namba za rangi gani?

#10 Mgeni wa Nkuhungu
Njano, dada. Kwani ina shida?

#11 Dada Bima
Ina shida kubwa. Njano ni ya gari binafsi, la biashara hubeba nyeupe. Kama lina namba ya njano na limekatiwa bima ya matumizi binafsi, halafu linakodishwa kwa pesa, ajali ikitokea kampuni ina haki ya kukataa dai kwa sababu matumizi si yaliyoandikwa kwenye mkataba wa bima. Anayebaki na aliyegongwa ni wewe uliyekuwa kwenye usukani. Ingiza namba ya gari kwenye mfumo wa TIRA, mamlaka ya bima, uone aina ya bima na tarehe ya kuisha. Mwombe mwenye gari nakala ya mkataba wa bima wenyewe, si stika peke yake.

#12 Zabibu Mbichi
Hapo dada umenigusa. Basi kukodi kunahitaji kampuni inayojulikana yenye magari ya namba nyeupe, na bei yake haiwezi kuwa 900,000. Naendelea kusimamia kukodi, ila si kwa huyo.

Mkataba wa kukodi uandikwe kikomo cha kilomita kwa mwezi na bei ya kila kilomita ya ziada. Kwa Mtumba tu ni karibu 970 kwa siku 22 za kazi, ukipewa kikomo cha 1,000 umekwisha kabla ya Jumamosi. Waandike kama unaruhusiwa barabara za vumbi, kwa kuwa gari lina kifaa cha kufuatilia na atajua ulifika kijijini Bahi. Waandike nani analipa tairi iliyopasuka, nani analipa kioo. Faini za barabarani zinafuata namba ya gari, 30,000 kila kosa, kwa hiyo chukua picha ya mfumo wa polisi siku ya kupokea gari na siku ya kurudisha.

#13 Mwanasheria wa Ipagala
Hakuna aliyegusa njia ya tatu, na ndiyo hatari kuliko zote. 850,000 mara 24 ni 20.4m kwa gari la 13.5m. Sawa, muuzaji ana haki ya faida. Tatizo ni kwamba kwa miezi yote 24 kadi ina jina lake. Akifariki, akidaiwa, akiweka kadi rehani, wewe una risiti tu.

Taasisi zinazofanya biashara hii zinasimamiwa na Sheria ya Ukodishaji wa Fedha ya mwaka 2008 na leseni ya Benki Kuu. Mtu binafsi na wewe mnabaki kwenye sheria ya kawaida ya mikataba, kwa hiyo kisichoandikwa hakipo. Andika: ukishindwa mwezi wa 20, anachukua gari na pesa yote, au anakurudishia sehemu? Una siku ngapi za kuchelewa kabla hajalikamata? Ukitaka kumaliza mapema, salio linapungua? Bima ikilipa gari lililoharibika kabisa, pesa inakwenda kwa nani? Fomu ya kuhamisha umiliki isainiwe siku ya kwanza na kuwekwa kwa wakili, na wakili akabidhi malipo yakitimia. Akikataa hilo la mwisho, una jibu lako.

#14 Mbuyu Mnene
Mimi nauliza kitu kingine kabisa. Kwa nini gari? Daladala za Mtumba zipo. Dar unakwenda kwa treni ya SGR, ilipoanza safari za Dodoma Julai 2024 daraja la kawaida lilikuwa 31,000. Siku unayohitaji gari unakodi la siku. Milioni 14 inunue kiwanja Iyumbu.

#15 Kisasa Kwetu
Mbuyu na viwanja! Mtu akiuliza bei ya nyanya utamwambia anunue kiwanja. Nakupenda hivyo hivyo.

#16 Mhasibu wa Makole
Lakini ana hoja, tuipime. Gari la siku tuseme 70,000. Kumiliki ni kati ya 349,000 na 545,000 kwa mwezi kulingana na nani unamwamini hapa. Maana yake siku 5 hadi 8 za kukodi kwa mwezi. Anayehitaji gari chini ya hapo, kulimiliki ni hasara. Mgeni anakwenda Mtumba siku 22. Swali ni kama daladala inamfaa kwa saa zake za kazi, na hilo analijua yeye.

#17 Namba Nyeupe
Nimesoma kuanzia #1. Mnabishana kuhusu 10m au 8m bila kusema kwa nini IST haishuki bei kama magari ya wenzetu. Sababu ni kodi. Chukua gari la zaidi ya miaka 10: kwa kila shilingi 100 ya bei hadi bandarini pamoja na usafiri na bima, ushuru wa forodha 25, inakuwa 125. Ushuru wa bidhaa asilimia 5 kwa injini ya 1001 hadi 2000, na wa uchakavu asilimia 30, pamoja 43.75. VAT asilimia 18 juu ya yote, kama 30. Umefika 199 kabla ya tozo ndogondogo. Na TRA hutumia thamani ya kwenye mfumo wao hata risiti yako ikiwa ya chini. Kila IST iliyopo barabarani imeshalipiwa hiyo kodi, ndiyo inayoshikilia bei.

#18 Zabibu Mbichi
Kodi inaeleza kwa nini bei ni juu. Haielezi kwa nini Subaru ya umri huo huo, kodi ya namna hiyo hiyo, inashuka kama jiwe. Kinachoshikilia IST ni spea na kila fundi kuijua.

#19 Kisasa Kwetu
Mimi naona ni herufi tu. Namba E zikijaa mjini, namba D inaanza kuitwa gari la zamani hata kama ilitoka kiwanda kimoja mwaka mmoja na hiyo E. Mnunuzi wa Dodoma anasoma namba kabla ya kusikia injini.

#20 Namba Nyeupe
Herufi inaonyesha lilisajiliwa lini nchini, haisemi lilitengenezwa lini. Namba E ya 2003 ipo na namba D ya 2007 ipo. Anayelipia herufi ananunua bati.

#21 Nzuguni Nane Nane
Samahani nakatiza. Badala ya IST si achukue Premio? Bei zinakaribiana kwa zile za zamani.

#22 Fundi wa Majengo
Ukichagua, angalia injini. Premio za 2002 hadi 2007 zipo zenye 1ZZ ya 1800, za mwanzo zina tabia ya kula oili kwa sababu matundu ya kurudisha oili kwenye pistoni yanaziba; utaona moshi wa bluu ukikanyaga baada ya kuachia mafuta mteremkoni. Zipo za cc 2000 zenye injini ya D4, zinamwaga petroli moja kwa moja ndani ya silinda kwa presha kubwa. Petroli chafu inaua pampu na nozeli. Na kuanzia 2007 nyingi zina gia boksi ya CVT.

#23 Nzuguni Nane Nane
CVT si unaweka ATF nyekundu tu, oili ya gia boksi za otomatiki, kama nyingine?

#24 Fundi wa Majengo
Usithubutu. Ndani kuna mkanda wa chuma unaobana puli mbili, unataka oili ya CVT yenye msuguano wake. ATF ya kawaida mkanda unateleza, unakwangua puli, baada ya muda gari linavuma kama treni na halivuti. Ukinunua yenye CVT uliza iliwekwa oili gani, na kama muuzaji hajui, hesabu kwamba iliwekwa isiyo yake.

Kwa vumbi la Dodoma, gari lolote litakalochukuliwa: filta ya hewa ifunguliwe kila sevisi. Mkubaliane au msikubaliane kuhusu herufi za namba.

#25 Mwanasheria wa Ipagala
Akinunua, mpangilio wa malipo. Usitoe hata senti kabla ya kuona kadi halisi na kitambulisho chenye jina lilelile. Kadi ikiwa benki, nendeni wote benki, deni lilipwe hapo hapo na salio apewe yeye. Angalia faini kwenye mfumo wa polisi, na peleka gari polisi likaguliwe kama halitafutwi. Mkataba wa mauziano kwa wakili, picha na TIN za wote wawili. Pesa ipite benki kwenda kwa jina lililo kwenye kadi, si kwa shemeji wala dalali. Kisha uhamisho TRA mara moja. Wapo wanaotembea miaka na kadi ya mtu mwingine ili kuokoa ile 195,000, halafu mwenye jina anafariki na ndugu wanakuja kulichukua gari.

#26 Mgeni wa Nkuhungu
Asanteni sana wote. La kukodi nimeliacha, nimeuliza bima, ni ya binafsi kweli. La miezi 24 mwenyewe amekataa fomu kukaa kwa wakili. Daladala haiwezekani, natoka usiku. Limebaki la Ilazo. Nakwenda kuliona Jumamosi saa 1 asubuhi. Ninunue au nitafute kampuni ya namba nyeupe kama Zabibu anavyosema?

#27 Zabibu Mbichi
Pata bei ya kampuni kwanza, kwa maandishi, kabla ya Jumamosi. Hata kama utanunua.

#28 Mhasibu wa Makole
Ikizidi 545,000 nunua. Naweka hapa.

#29 Fundi wa Majengo
Mwambie asiliwashe kabla hujafika. Ukifika, kabla ya salamu ndefu weka kiganja juu ya boneti. Likiwa la moto amelipasha ili lisikuonyeshe moshi wa asubuhi; mwambie utarudi siku nyingine. Likiwa la baridi, anza na kifuniko cha rejeta, kisha simama nyuma ya ekzosi yeye awashe. Moshi mweupe usioisha wenye harufu tamu ni kulanti, wa bluu ni oili. Tairi soma tarakimu nne za mwisho za namba ya DOT iliyo ubavuni: 2319 ni wiki ya 23 ya 2019. Mwishoni kata usukani hadi mwisho, zungusha gari polepole kulia na kushoto uwanjani. Ukisikia tak-tak-tak mbele, jointi za shafti zimekwisha, toa hiyo kwenye bei. Nenda na karatasi nyeupe na kitambaa.